Faili la Mama

Kumbukumbu za wagonjwa zilipoharibika, fundi wa kompyuta wa hospitali alizirudisha kutoka kwenye nakala ya akiba. Alihesabu majina, yakatimia, akatangaza: "Mfumo umerudi, chapeni kazi."

Siku mbili hajalala. Macho yanamwasha kama yametiwa pilipili. Saa nzima ikapita ndipo akakumbuka desturi yake. Kila akirudisha kumbukumbu, hufungua kwanza faili la mama yake, maana analijua nje ndani. Leo uchovu ulimsahaulisha.

Akalifungua. Penye dawa zinazomdhuru paliandikwa: hakuna.

Hakuna? Mama huyu huyu, ambaye sindano moja ya penisilini nusura imzike!

Akashuka mstari mmoja. Penisilini ya mama ilikuwa kwa mtoto wa watu. Akashuka tena, na tena. Kila mgonjwa alibeba madhara ya jirani yake wa juu.

Mlango ukafunguliwa. Muuguzi mkuu akaingia na kikombe cha chai, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu juzi.

"Kunywa, mwanangu, pole na kazi. Umetutoa kimasomaso. Tangu mfumo urudi, wodi nzima tumeshaichoma sindano."