Nguruwe wa Wajane

Rozari ilikuwa bado inaendelea pale Mama Skolastika, mwenyeji, alipochungulia bandani na kupiga yowe: "Nguruwe anazaa!"

Felista, msimamizi wa shirika la misaada la parokia, alikurupuka pekupeku. Shirika lilikuwa na nguruwe huyo mmoja tu, na Felista ndiye aliyeshikilia apewe Jumuiya ya Mtakatifu Monika, ya wajane watupu. Watoto wa nguruwe wangegawiwa jumuiya nyingine. Wakifa, shirika halina tena cha kumpa mtu.

"Kumbe hamkumla Pasaka!" alitania Bonifasi, mwenyekiti wa Jumuiya ya Mtakatifu Petro, aliyekuja kungojea fungu lao, akiwa ameegemea boma la banda.

"We baba, acha maneno, lete matambara!" Felista alimkemea.

Rozari haikatizwi, basi wajane wakahamia nayo bandani. Kila mtoto akitua, sala inamezwa na vigelegele, kisha inaendelea. Felista anapangusa pua, anataja jumuiya yenye fungu: wa Yosefu huyu! Wa Anna!

"Salini upesi, jamani, wangu bado!" Bonifasi alihimiza.

Wake akatoka wa mwisho, mlegevu kama soksi iliyolowa. Hapumui. Felista akamsugua mbavu kwa khanga, akampulizia puani, akamsugua tena.

Bonifasi akapiga magoti kwenye matope na suruali yake ya Jumapili. "Salamu Maria, umejaa neema," akaanzisha.

Chini ya kiganja cha Felista kitu kikagonga, kidogo sana. Wajane wakaitikia kwa nguvu.