Swali la Wazazi

Mikono miwili ilipenya kwenye kidirisha cha mlango, viganja juu, kama kibao cha nje kilivyoagiza.

Mlinzi hakuona zaidi ya hapo. Ndivyo mlango ulivyotengenezwa: kidirisha kilikatwa usawa wa kifua ili anayehoji asihongwe na sura ya mtu wala machozi yake. Ilikuwa mikono ya mwanamke mtu mzima, ngozi imesinyaa kwa maji na sabuni, kovu la pasi limelala chini ya kidole gumba. Aliitazama kupita ilivyohitajika.

"Umekuja kutafuta nini, mwombaji?"

"Pa kukaa na Mungu. Dunia imenichosha."

Jibu safi. Mlinzi alikohoa, akaendelea. Akamuuliza habari za simu. Mwanamke akasema ameiuza. Televisheni? Hiyo hakuwahi kuwa nayo, alikuwa akichungulia ya jirani, na tangu jirani ahame ametubu bila kutoka jasho. Mlinzi alitaka kucheka, akajizuia. Na picha, amezichoma? Hapo vidole vilijikunja kidogo, kisha vikafunguka. Zote, alisema.

Halafu akauliza yeye. "Umekula?"

"Hapa tunauliza sisi."

"Haya, bwana mlinzi. Kikohozi hicho ni cha mtu anayelala sakafuni, nimesema tu."

Nyuma ya mlinzi, ndani ya ghala, watu walikuwa wakiimba sala ya mchana. Mlinzi alilijua ghala hilo tangu lilipokuwa kiwanda cha nguo. Hatua chache kutoka mlangoni ndipo uliposimama mtambo wake wa kufuma. Kisha zikaja nguo za ng'ambo, bei yake chini ya bei ya uzi. Mitambo ikang'olewa ikauzwa chuma chakavu, na mtu aliyekuwa fundi akawa wa kushinda kitandani, akitazama kwenye simu jinsi watu wa nchi nyingine wanavyoishi. Kila aliyemwendea alimwambia abadilike, aende na wakati. Kiongozi wa waumini hawa peke yake ndiye aliyemwambia vingine: hukupotea wewe, imepotea dunia.

Maneno hayo aliyanywa kama mtu aliyetoka jangwani. Akaacha nyumba, akaacha kila mtu, akaja akapewa mlango. Kazi ya mlango haina mwenzi. Wa ndani wanakuona wa nje, wa nje wanakuona wa ndani.

Alichofundishwa ni kimoja: kuwatambua wezi. Ndivyo walivyoitwa akina baba na akina mama waliojifanya wametubu ili waingie wawatoe watoto wao. Werevu wao ulikuwa wa sungura. Majibu yote waliyakariri. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Kiongozi, ambaye si mjinga, aliweka swali moja mwishoni. Walinzi waliliita swali la wazazi. Hajatokea mzazi aliyelivuka. Anayeshindwa hufungiwa kidirisha, wala haruhusiwi kurudi tena maishani mwake.

Mlinzi alichelewa kuliuliza. Alirudia la simu, akarudia la picha. Mwanamke akajibu yote upya bila kulalamika, ila alisema mikono inaanza kufa ganzi.

"Nenda zako," mlinzi alisema kwa sauti ya chini. "Ukienda sasa hujashindwa. Utarudi siku nyingine."

"Nikirudi nitakukuta wewe?"

"Walinzi hubadilishwa."

"Basi uliza leo."

Sala ilikuwa imekwisha. Sasa kila neno la mlangoni lingesikika ndani.

"Huku ndani hakuna mzazi wala mwana," alisema mlinzi. "Una mtoto?"

"Ninaye mmoja."

"Litaje jina lake lote, kisha useme si wako. Si leo tu. Hata akiugua, hata akifa."

Aliikazia macho ile mikono, akiomba itetemeke, akiomba isitetemeke. Mwenyewe hakujua anaomba lipi. Haikutetemeka. Mwanamke akalitaja jina, lake na la babaye na la ukoo, polepole, kama mtu anayekunja nguo ya kuweka sandukuni.

"Si mwanangu," akasema. "Simjui."

Mlinzi hakuwa amelisikia jina hilo tangu siku alipolivua yeye mwenyewe, mlangoni hapo hapo. Alivuta komeo, akainamisha uso kama ampishavyo mgeni yeyote, na mama yake akampita bila kugeuka.