Unyayo wa Aliyevua Viatu

Tangu sheria iwavishe watu viatu vinavyofuta nyayo, wanyama peke yao ndio waliobaki na alama ardhini. Kwa hiyo Nashipae na wanachuo wenzake walipelekwa mbugani, ili Sikorei, mfuata-nyayo wa mbuga, awafundishe kusoma udongo.

"Kingo za alama zikiwa kali, swala amepita sasa hivi," alisema Sikorei. "Zikimomonyoka, keshakwenda zake."

Wenzake walipotangulia, Nashipae aliona kando ya alama za kwato unyayo wa mtu peku, kidole cha mwisho kimejitenga kama chake yeye. Mama yake alivua viatu mwaka juzi akaondoka, lakini nyayo zake zilifutwa upesi, na ua wa kwao ulibaki laini kama sinia, Nashipae asiwe na pa kumfuatia.

"Kaka, huyu kapita lini?" alimwuliza Sikorei aliyebaki nyuma naye.

Sikorei aliinama. "Asubuhi hii, dada. Wala hakuwa na haraka." Akavunja tawi aufute, kama sheria ilivyomtaka.

"Ngoja kwanza, kaka."

Nashipae akavua kiatu kimoja, akatia mguu ndani ya ule unyayo. Mguu ukaenea sawasawa, hata kidole cha mwisho kikapata mahali pake. Kiatu mkononi kikaanza kumwita kwa jina lake kamili, kwa sauti ya upole, kikimtaka akivae tena.

Akainama kuvua cha pili.