Dawa ya Paka wa Mzee Emuria

Akoru alimkuta baba yake amembana paka kwapani, bomba la sindano kaling'ata kwa meno.

Hakubisha hodi. Alikuwa ametoka Kakuma alfajiri, na mkobani alibeba chupa mpya ya insulini aliyoizungushia kitambaa kibichi isipikwe na joto la Lodwar. Alisimama mlangoni akatazama. Mzee Emuria alilitoa bomba mdomoni, akainua ngozi ya shingo ya paka, akachoma taratibu. Paka hakulia hata kidogo.

"Baba, hiyo ni dawa gani?"

"Ejok, Akoru," mzee alimsalimu. "Ni ya sukari. Huyu paka ako na sukari."

Damu ikamchemka. Mwenye kisukari alikuwa baba. Daktari alikuwa ameonya kwamba kidonda alichokuwa nacho kwenye kidole cha mguu kingemla mguu mzima, na mzee akajibu mbele ya wagonjwa wote kuwa yeye si mbuzi wa kudungwa. Akoru alibembeleza, akalia, akamletea mchungaji wa kanisa. Mzee akatia nta masikioni.

Kisha wakati wa Pasaka akaja Kakuma kumtembelea bintiye, na paka wake ndani ya katoni. Paka alikuwa akitapika na kuharisha, amebaki mifupa mitupu, na maji alikuwa hayaachi. Thon, kijana wa Sudan Kusini anayetibu mbuzi na punda wa kambi ya wakimbizi, alimpima paka akasema ni sukari, kisha akakaa na mzee jioni nzima, yeye na nesi mmoja wa kliniki. Tangu siku hiyo mzee alianza kuagiza insulini kwa mdomo wake mwenyewe. Akoru alipiga magoti akamshukuru Mungu. Kumbe!

"Chupa zote hizo nilizoleta zimekwenda kwa paka?"

"Ndiye mgonjwa. Mimi niko sawa."

Kando ya mtungi uliofukiwa mchangani, mahali dawa ilipowekwa ipate ubaridi, kulikuwa na bomba jingine, limekwisha kutumika.

"Sindano mbili, baba? Asubuhi moja?"

"Na jioni mbili. Lakini anakula kwanza. Akitapika, hadungwi. Ukimdunga na tumbo haina kitu, sukari inashuka, anakufa. Thon ndiye alisema."

Jikoni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Sufuria ilikuwa moja tu, ya samaki wa Kalokol waliochemshwa bila mafuta, kwa sababu tumbo la paka halikuweza kitu kingine. Mzee alichambua miiba, akatafuna kipande, akangoja, ndipo akamwekea paka kilichobaki. Akoru alitaka kupika chai. Alipekua kila kopo asipate hata punje ya sukari.

"Analamba vikombe," mzee alieleza.

Hapo Akoru akamtolea uvivu. Alimwambia mama alikufa kwa ugonjwa huu huu, tena akiwa anaitamani hiyo chupa. Alimwambia amechoka kuwa mtoto wa mtu anayempenda mnyama kuliko roho yake. Hatazika mzazi wa pili kwa sababu ya paka, alisema, na sauti yake ikasikika hadi kwa majirani. Mzee alimsugua paka nyuma ya masikio.

Akoru alimpokonya paka huyo, akamtia kwenye katoni, akaifunga kwa kamba.

"Sasa chupa ni yako peke yako. Utajidunga."

"Akoru, usimchukue."

"Nimeshamchukua."

Mzee alimsindikiza mpaka barabarani, akitembea bila fimbo, mkono mmoja juu ya katoni. Akoru hakumtazama.

Kule Kakuma, Thon alikuwa ameenda kuchanja mbuzi huko mbali, na siku zikapita. Paka alimtapikia Akoru mlangoni, akamharibia mkeka, akawa anakunywa maji ya kila beseni. Akoru alifagia na kufua huku akimlaani paka, na akamlaani Thon zaidi. Kijana aliporudi, alimkuta mwanamke huyo amesimama nje ya banda lake na katoni.

"Shika mgonjwa wako. Wewe ndiye ulimfundisha baba yangu kumpa mnyama dawa ya mtu. Huna aibu?"

Thon alifungua katoni, akamwona paka, akabaki ameinama.

"Dada, nani nachukua huyu paka kwa mzee?"

"Mimi."

"Lini?"

"Wiki iliyopita. Na mzee yuko salama, nimemwachia chupa nzima."

Thon aliinuka. "Piga yeye simu," alisema. "Dada, tafadhali. Piga sasa."

Simu iliita mpaka ikakatika. Akoru akapiga tena. Sauti iliyopokea ilikuwa nzito, ya mtu aliyekaukiwa ulimi.

"Nakunywa maji, mwanangu, kiu haiishi. Na kidole kimeanza tena kunuka."

"Si nilikuachia dawa! Hujidungi?"

"Nijidunge ya nini? Paka uko naye wewe."

"Baba, nasema wewe. Sisemi paka."

Mzee alivuta pumzi, na alipojibu alijibu kwa upole, kama anamkumbusha mtoto kitu cha nyumbani.

"Akoru, wewe umekulia kwenye zizi langu. Uliniona lini nikimpa mnyama dawa kabla sijaijaribu kwa mwili wangu? Kila asubuhi, kila jioni, sindano ya kwanza ni yangu, ya pili ni yake. Sasa umemchukua. Nijaribu ya nani?"