Kikombe cha Pili

Nilipoingia tu, mama aliweka mezani vikombe viwili, changu na cha mwanawe Phurba. Miaka sita tumebeba pamoja mizigo ya wapanda milima, na kila tukishuka kutoka kambini tunaanzia mgahawani kwake, kwenye chai ya siagi.

"Mwenzako yuko wapi? Au amepata mchumba huko barafuni?"

Akajaza changu, akaanza cha pili. Pembeni, wageni waliokuwa wakipanda kwenda kambini walikuwa wanakula viazi.

Jibu nilikuwa nimelifanyia mazoezi njia nzima: Phurba anakuja, mama. Maneno matatu tu, mpaka jioni afike lama, mtawa wetu, yeye anayejua kusema mambo hayo.

"Mwanao anakuja, mama," nikasema.

Akaacha kumimina.

Kwetu marehemu hatajwi jina, asije akageuka njiani akidhani anaitwa. Ulimi wangu uliikumbuka mila, ukanisahau mimi.

"Nani huyo anayekuja?" akauliza polepole.

Mgeni mmoja akataka kujua kambi ni mwendo wa saa ngapi kutoka pale.

"Mtaje, mwanangu. Jina lake tu."

Nikakivuta kikombe changu, nikakikumbatia kwa mikono miwili.

Mama akaweka birika chini, akaushika mkono wangu. Hapo ndipo nilipoona kidole gumba changu kimezama ndani ya chai inayofuka moshi. Sikuwa nimehisi kuungua. Akakitoa, akakifuta kwa aproni yake, taratibu, kama cha mtoto.