Hina Mbichi

Hina ya Sauda ilikuwa mbichi bado simu ilipolia. Mikono kainyoosha juu ya mto mweupe, haruhusiwi kugusa kitu, lakini miguu haikutulia tangu asubuhi. Roho ilikuwa juu.

"Nisomee, shangazi. Ni Badi, majibu yake ya damu yametoka."

Bi Tunu akaisogeza simu mbali na macho. "Mchumba wako kaandika 'AS'. Basi."

"Hebu angalia tena."

"A na S, mwanangu. Si kama yako?" Uso ukamchanua. "Jamani, hata damu zao zimefanana!"

Vigelegele vikapasuka mpaka uani. Kichwani Sauda alisikia sauti ya daktari aliyempima tu: hiyo AS maana yake wewe ni mzima, ila umebeba siko seli, ukizaa na aliyebeba kama wewe, kila mimba mtakuwa mnabahatisha, mtoto mzima au mgonjwa.

Simu ikalia tena. "Anauliza, aje au asije?"

Wanawake wote wakamgeukia Sauda. Chini, mikono yake ilikuwa imekunja ngumi, na maua yote ya hina yakitokeza katikati ya vidole, yakidondokea mto.