Sakafu Mbichi

Asteria alifika asubuhi kwenye kanisa dogo la zamani, kitambaa cheupe kikiwa kwapani. Waumini walikuwa wamekwisha kuhama, na Desderi alikuwa amelinunua jengo ili aishi humo na familia yake. Alikuwa amemwahidi Asteria kwamba kabla ya kumwaga zege, mafundi wangefukua mbele ya altare ili achukue mifupa ya mwanawe mchanga aliyezikwa hapo, akaizike makaburini.

Asteria alipofika mlangoni alisimama ghafla. Zege lilikuwa limemwagwa mpaka ukutani.

"Ulisema nije leo," alimwambia Desderi, aliyekuwa amesimama hapo mlangoni.

"Mafundi wamewahi, mama. Ningewaambia wakae bure?"

"Bado ni bichi. Niache nifukue mwenyewe, kwa mikono."

"Uniharibie sakafu?" Desderi alicheka kidogo. "Hapo ni sebuleni. Atakuwa katikati ya watu, tena kwenye kivuli. Ukitaka kumtembelea, wewe piga hodi tu."

Asteria alipiga magoti kizingitini.

Mke wa Desderi alikuja mlangoni akiwa amembeba binti yao, ambaye ndiyo kwanza ameanza kutembea. "Baba Neema, mwache aweke alama ya mguu kwenye nyumba yake!"

Desderi alimpokea mtoto, akapita naye juu ya ubao uliolazwa juu ya zege, akamshika makwapani, akamshusha palepale mbele ya altare. Mguu ulizama kidogo, mtoto akacheka, na wazazi wake wakapiga makofi.

Asteria alitazama maji ya saruji yakijikusanya polepole katika alama za vile vidole vitano vidogo.